Juu ya Kuandika Majina ya Zana katika Maelezo ya Programu za Ndani ya Vifaa

Madhumuni ya makala haya ni kueleza jambo dogo la maandishi ambalo, likiachwa bila utaratibu, huzuia kazi kubwa. Siku hizi vitu vingi tunavyovitumia nyumbani na kazini, kama vile mita ya umeme, pampu ya maji, simu ya mkononi na injini ya gari, vina kompyuta ndogo ndani yake, na kompyuta hiyo huongozwa na programu iliyopachikwa humo na mtengenezaji. Programu za namna hiyo huundwa, hujaribiwa na hutiwa ndani ya kifaa kwa msaada wa programu nyingine, ambazo hapa tutaziita zana, kama seremala aitavyo randa na patasi zana zake. Kila zana ina jina lake. Swali letu ni hili: mtu aandikaye maelezo ya kazi hiyo kwa Kiswahili ayaandike vipi majina hayo? Kwa herufi kubwa au ndogo, kwa kiambishi au bila kiambishi, kwa upatanisho wa ngeli ipi, na kwa alama gani ya kuyatenga na maneno mengine ya sentensi?

Hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta mahali pa kuliuliza swali hili. Huko Tengeru, mashariki ya mji wa Arusha, chini ya Mlima Meru, ipo Taasisi ya Afrika ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela, iliyoanza kupokea wanafunzi mwaka 2011. Katika taasisi hiyo kiliwekwa kituo cha Afrika Mashariki kiitwacho CENIT@EA, ambacho kimefundisha shahada ya uzamili katika mifumo iliyopachikwa na mifumo ya simu. (Jina la kituo chenyewe, lenye alama katikati ya herufi, ni mfano mzuri wa taabu tunayoizungumzia: mpiga chapa akikosa alama hiyo ataweka nini?) Mjini Arusha kipo Chuo cha Ufundi Arusha, na pia CAMARTEC, kituo ambacho jina lake la Kiswahili tayari lina neno ‘zana’ ndani yake. Masomo ya juu katika mambo haya hutolewa kwa Kiingereza, na vitabu vya zana zenyewe ni vya Kiingereza. Walakini kifaa kikiisha kutoka maabara kikapelekwa kufungwa penye mfereji wa maji huko Akheri au Nkoaranga, mtu atakayekitunza aghalabu atataka maelezo ya Kiswahili, na mwanafunzi aliyefuzu ndiye atakayetakiwa kuyaandika. Hapo ndipo anapogundua kwamba hajafundishwa na mtu yeyote namna ya kuliweka jina kama BitBake katikati ya sentensi ya lugha yake.

Wasomaji wa jarida hili watakumbuka ya kwamba tatizo la jina la pekee ndani ya sentensi ya Kiswahili si geni. Tuchukue jina Meru. Tukisema ‘Meru umefunikwa na mawingu’, upatanisho watuambia kwamba twazungumza juu ya mlima. Tukisema ‘Meru imepata mvua’, twafahamu kwamba ni nchi au wilaya. Tukisema ‘Wameru’, ni watu; tukisema ‘Kimeru’, ni lugha, na hapo tena hapana budi kuuliza ni Kimeru kipi, kwa maana Kimeru cha Tanzania na Kimeru cha Kenya si lugha moja. Jina ni moja tu. Sarufi inayolizunguka ndiyo inayopambanua. Na sarufi hiyo ina njia mbili za kufanya kazi yake. Ya kwanza ni kulipachika jina kiambishi: Wa-, Ki-, U-. Ya pili ni kulitangulizia jina nomino ya aina yake: Mlima Meru, Ziwa Duluti, Mto Themi. Njia ya kwanza hubadili umbo la jina. Njia ya pili hailigusi. Msomaji aliweke jambo hili akilini, kwa kuwa karibu yote yatakayofuata yatokana nalo.

Sasa tazama mji mdogo ulioko kwenye barabara ya Moshi, mbele kidogo ya Tengeru. Mto ni Usa. Neno la Kiingereza lenye maana ya mto likashikamana na jina hilo hata pamoja yakawa jina la mji: Usa River. Walioliandika hawakuafikiana. Wako waandikao Usa River, wako waandikao Usa-River kwa kistari, na wako waandikao USA River, kana kwamba maji yale yatoka Marekani. Wako hata wanaosema ‘Mto wa Usa River’, na hivyo kutaja mto mara mbili. Hakuna abiria aliyepelekwa mahali pengine kwa sababu hiyo, kwa maana utingo hulitaja jina kwa sauti na kila mtu anajua ni wapi. Binadamu husamehe maendelezo mabovu. Kompyuta haina msamaha huo, nayo ndiyo msomaji wa kwanza wa maneno tunayoyashughulikia hapa.

Viambishi navyo vina historia yake. Katika vitabu vya zamani vya Wazungu twaona Wa-Arusha na Ki-Swahili, kwa kistari na kwa herufi kubwa mbili. Wengine wakaacha kistari wakaandika WaArusha na KiSwahili. Na mwishowe yakatulia maandishi ya leo, Waarusha na Kiswahili, herufi kubwa ikikaa mwanzo wa neno zima. Kamati ya Lugha iliyoanza kazi mwaka 1930 ilisawazisha maendelezo ya maneno mengi sana, wala haikuweza kujua kwamba siku moja Kiswahili kitahitaji kuandika majina ambayo ukubwa wa herufi zake una kazi ya kufanya. Yafurahisha kuona kwamba watu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walioshughulika na kuzipa programu za kompyuta sura ya Kiswahili, na ambao mwaka 2004 walitoa Jambo OpenOffice, waliuita mradi wao KiLinux. Wameirudia ile namna ya kale yenye herufi kubwa katikati. Nami naona walikuwa na sababu nzuri: ukiandika ‘Kilinux’, msomaji asiyelijua jina Linux hataweza tena kulitoa ndani ya neno. Herufi kubwa yaonyesha mahali jina linapoanzia.

Tuje kwenye zana zenyewe. Kuanzia hapa, kila kitu ambacho mtu hukipiga kwenye kibodi, na kila jina la faili, nitakitia ndani ya alama mbili za kunukuu. Jina la zana likitajwa kama jina tu nitaliacha bila alama. Na mifano ya sentensi za Kiswahili nitaitia ndani ya alama moja moja, kama nilivyokwisha kufanya.

Git ni mfumo wa kutunza historia ya faili, ulioanzishwa na Linus Torvalds mwaka 2005. Amri yake inayopigwa kwenye kibodi ni “git”. GCC ni mkusanyiko wa kompaila, yaani programu zinazogeuza maandishi ya mtunzi wa programu kuwa lugha ya mashine; “gcc” ni amri mojawapo ya mkusanyiko huo, ile itumikayo kwa lugha ya C. Herufi hizi tatu zina kisa. GCC ilipotolewa mara ya kwanza mwaka 1987 zilisimamia kompaila ya C peke yake. Mwaka 1999 zikapewa maana mpya ya mkusanyiko, kwa kuwa lugha nyingine zilikwisha kuongezwa. Mkusanyiko huo una amri nyingine pia, kama “g++” ya lugha ya C++, hata mtu akimwambia mwanafunzi ‘tumia GCC’ bado hajamwambia aandike nini. BitBake ni zana ya kujenga mfumo mzima wa Linux kwa ajili ya kifaa, nayo ndiyo itumiwayo na Mradi wa Yocto. Ilitengwa na mradi wa OpenEmbedded mwaka 2004 ikawa zana ya kujitegemea. Jina lake lina B kubwa mbili, lakini amri yake, “bitbake”, haina hata moja. U-Boot ni programu ya kukiamsha kifaa kinapowashwa. Jina lake lina mzaha wa Kijerumani ndani yake, kwa maana katika lugha hiyo ni nyambizi, lakini faili lake ni “u-boot.bin”, kwa herufi ndogo tupu, na asitokee mfasiri mwenye bidii akaliita ‘nyambizi’.

Zana iitwayo GNU make ni kinyume cha hizo. Wenyewe huandika neno ‘make’ kwa herufi ndogo hata ndani ya kitabu chao cha maelezo, penye jina na penye amri pia. Basi asidhani mtu kwamba Kiingereza kina kanuni moja ambayo sisi twaweza kuiazima na kumaliza kazi. Kila jina lina desturi ya nyumba yake, na desturi hiyo sharti ijulikane kabla ya kuandika.

Kwa nini yote haya yana uzito? Kwa sababu katika mifumo ya Linux “make” na “Make” ni maneno mawili mbalimbali. Mtu akilipiga la pili, kompyuta humjibu kwamba amri hiyo haikuonekana. Katika Windows mambo ni mengine: huko, kwa desturi, ukubwa wa herufi za jina la faili haujaliwi, na mwanafunzi aliyeanzia huko hudhani kwamba herufi kubwa ni pambo tu. Wakati mwingine mashine yenyewe huonekana kama yalegea. GNU make, ikitafuta faili lenye maagizo yake, hulitafuta kwanza kwa jina “GNUmakefile”, kisha “makefile”, kisha “Makefile”. Kwa hiyo mtu aweza kuliandika jina hilo kwa m kubwa au m ndogo na kazi ikaenda. Lakini akiliandika lote kwa herufi kubwa, “MAKEFILE”, zana itasema hakuna faili. Mwanafunzi aliyeona ulegevu wa kwanza hataelewa ukali wa pili, ila mwandishi wa maelezo awe ameliandika jina kwa namna moja tangu ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho.

Tuchukue mfano wa kubuni. Tuseme kifaa kimetengenezwa cha kupima kina cha maji katika mojawapo ya mifereji ambayo Wameru na Waarusha wameichimba tangu zamani katika miteremko ya mlima, na mtengenezaji ameandika maelezo ya kubadili programu yake hivi: ‘Ukimaliza, make mradi kisha uigit. Make ikikubali, angalia makefileni kama Gcc imetoa onyo, halafu bitbake image na kuifleshi.’ Watu wawili waliosoma pamoja na mwandishi huyo watamwelewa mara moja. Mtu wa tatu hataelewa. Katika sentensi ya kwanza ‘make’ imetumika kama kitenzi cha Kiswahili. Katika ya pili imepata m kubwa, si kwa sababu ya desturi ya zana bali kwa sababu yaanza sentensi. Msomaji atajuaje ipi ya kupiga kwenye kibodi? Neno ‘uigit’ limeficha jina Git ndani ya viambishi viwili. ‘Makefileni’ laweza kuwa mahali, laweza pia kuwa jina la faili. Na neno ‘image’ limeachwa bila kuambiwa kama ni neno la kupiga au ni maelezo tu.

Maelezo hayo hayo yaweza kuandikwa hivi: ‘Ukiisha kuhariri faili, endesha amri “make”. Kompaila ya GCC ikitoa onyo, tazama faili “Makefile”. Amri “make” ikimalizika bila kosa, hifadhi mabadiliko kwa amri “git commit”. Kisha jenga mfumo wa kifaa kwa amri “bitbake core-image-minimal”, uutie ndani ya kifaa.’ Maneno yamezidi, nami sioni ubaya. Hakuna neno hata moja ambalo msomaji aweza kujiuliza kama alipige au asilipige. Isitoshe, hakuna sentensi inayoanza kwa jina la amri, na kwa hiyo vita kati ya kanuni ya Kiswahili, inayotaka herufi kubwa mwanzo wa sentensi, na kanuni ya mashine, inayokataa, havikupata nafasi ya kutokea. Hii ndiyo faida ya nomino ya aina: amri, faili, programu, kompaila. Hutangulia ikabeba kila mzigo wa sarufi, na jina likabaki nyuma yake bila kuguswa, kama Meru ibakivyo nyuma ya Mlima.

Nomino hiyo hubeba na upatanisho pia. Twasema ‘amri “git” imekataa’, ‘faili “Makefile” limepotea’, ‘kihariri “nano” kimefungwa’. Taabu huja jina linaposimama peke yake. Je, nano imefungwa au kimefungwa? Wako waandishi wanaofuata ngeli ya nomino iliyofichika, kama wasemavyo ‘Meru umefunikwa’ kwa kufikiria mlima. Katika fasihi njia hiyo ni nzuri, lakini katika maelezo ya ufundi haifai, maana msomaji mgeni hajui nomino gani imefichika. Napendekeza kila jina la zana likisimama peke yake lichukue upatanisho wa i- na zi-, ambao ndio wa majina mengi ya kigeni, hata kama zana hiyo katika sentensi iliyotangulia iliitwa kihariri.

Kuhusu viambishi, shauri langu ni kuukataa kabisa mwambatano wowote na neno lipigwalo kwenye kibodi. Hasa -ni ya mahali ni hatari, kwa kuwa yaonekana kama sehemu ya jina: ‘gitini’ lina herufi sita, na mashine haitatambua kwamba tatu za mwisho zimeongezwa. Wengine hudhani kistari chaponya ugonjwa huo, wakaandika ‘git-ni’. La, chauzidisha, maana maelezo ya Git yenyewe yamejaa majina yenye kistari, kama “git-commit”. Twaweza kusema ‘katika Git’, ‘kwa Git’, ‘ndani ya Git’ bila hasara yoyote. Vivyo hivyo na vitenzi: ‘kumake’ na ‘kubitbake’ viachwe kwenye mazungumzo ya karakana, ambako havimdhuru mtu.

Hapa lakini inafaa kuweka mpaka, nisije nikadhaniwa kuwa adui wa maneno ya mafundi. Fundi wa simu asemapo ‘kufleshi’, kwa maana ya kuifuta programu ya simu na kutia nyingine, atumia kitenzi kilichokwisha kuingia katika lugha. Chanyambuka kama vitenzi vingine: kufleshiwa, kufleshisha. Hakuna mahali popote mtu atakapotakiwa kulipiga neno hilo kwenye kibodi kama amri, kwa hiyo laweza kuandikwa kwa maendelezo ya Kiswahili na kubeba viambishi vyote. Kompaila, programu, tokeni ni hivyo hivyo. Haya ni majina ya jumla, na jina la jumla ni mali ya lugha. Jina la pekee ni mali ya mwenyewe. Wako wataalamu ambao wangetaka kila kitu kipewe jina la asili yetu, nao wametupa ‘tarakilishi’, neno ambalo lina watetezi wake. Lakini hata mtetezi mkali wa ‘tarakilishi’ atapiga “gcc” kama ilivyo, au kazi yake haitakwenda. Mafundi wa gereji za Arusha hawana shida katika jambo hili. Spana wameifanya kuwa ya Kiswahili, tena wameipa aina zake majina ya kwao, mojawapo likiwa ni jina ambalo mhariri wa jarida hili hataniruhusu kuliandika. Namba iliyochongwa juu ya spana hawaigusi.

Mfano mkubwa kuliko yote katika nchi yetu haukutoka maabara, ulitoka nyumbani kwa watu. Tangu miaka ya 1990 Shirika la Umeme, TANESCO, limeuza umeme kwa mita za malipo ya kabla, kwa mpango uitwao LUKU. Herufi hizo zatokana na maneno ya Kiswahili safi: Lipa Umeme Kadiri Utumiavyo. Jina lilianza kama kifupisho cha herufi kubwa nne. Leo twaliona likiandikwa LUKU, Luku na luku, tena maana zake zimegawanyika: ni mpango, ni mita, ni tokeni, ni umeme wenyewe. Mtu husema ‘nimenunua luku’, ‘luku imekwisha’, ‘luku imeharibika’, na kila mara ataja kitu kingine. Kama mwanalugha nafurahi kuona kifupisho kikigeuka kuwa nomino ya kawaida mbele ya macho yetu. Kama mwandishi wa maelezo nashtuka.

Sababu ya kushtuka ilionekana mwaka 2024. Mita za aina hii, duniani kote, hutambua kila tokeni ya tarakimu 20 kwa kuhesabu dakika tangu mwanzo wa mwaka 1993. Nafasi iliyotengwa kwa hesabu hiyo ni biti 24, yaani haiwezi kupita dakika 16,777,216, ambazo ni karibu miaka 32. Hesabu ingejaa tarehe 24 Novemba 2024, na mita ambayo haijarekebishwa isingepokea tena tokeni mpya. Kwa hiyo wateja walitakiwa kuingiza, mara moja tu, makundi matatu ya tarakimu 20: mawili ya kubadili ufunguo wa mita, na la tatu la umeme ulionunuliwa, kwa utaratibu huo huo bila kuchanganya. Hii ilikuwa kazi ya kurekebisha programu iliyopachikwa, nayo ilifanywa na watu wa kawaida, kwa vidole vyao, kwa kufuata maelezo ya Kiswahili. Mama aliyekuwa gizani Ngaramtoni hakuwa na haja ya kujua biti ni nini. Alihitaji kujua ya kwamba ‘mita’ ni kile kisanduku, ‘tokeni’ ni zile tarakimu, na ya kwamba neno hilo halitabadilika kuwa ‘namba’ katika mstari wa pili na ‘luku’ katika wa tatu. Akiambiwa ‘ingiza luku ya kwanza’, aweza kudhani ameambiwa anunue mara ya pili. Kwa maandishi ya namna hii napendekeza LUKU ibaki herufi kubwa, iwe jina la mpango tu, na daima itanguliwe na nomino: mita ya LUKU, tokeni ya LUKU. Neno ‘luku’ kwa herufi ndogo na liendelee na safari yake mitaani na katika riwaya.

Nimewahi kusikia ikisemwa kwamba mambo kama haya yaonyesha Kiswahili hakifai kwa kazi za ufundi, na kwamba ni heri maelezo yabaki kwa Kiingereza. Hoja hiyo haina nguvu. Waandishi wa Kiingereza nao wamepata taabu hiyo hiyo ya BitBake na “bitbake”, na miradi mikubwa huwa na watu wa kupitia kurasa na kusahihisha jina moja moja. Tofauti ni kwamba wao wameiona kuwa kazi, wakaifanya. Sentensi ya ‘uigit’ haikushindwa kueleweka kwa sababu ni ya Kiswahili. Haikueleweka kwa sababu mwandishi wake hakuamua kwanza lipi ni jina na lipi ni amri. Yafaa basi kila kitabu cha maelezo kianze na orodha fupi ya zana zitakazotajwa humo: jina kama wenyewe waliandikavyo, amri kama mashine iitakavyo, na nomino ya aina itakayotangulizwa. Orodha ya majina 20 hutosha kwa vifaa vingi, na watafsiri wawili wakigawana kazi hiyo wataweza kuafikiana kabla hawajaandika mstari mmoja.

Yabaki mambo ya upigaji chapa, ambayo wanalugha huyadharau na wapiga chapa huyajua vizuri zaidi. Mahali panapowezekana, maneno ya kupiga kwenye kibodi yachapwe kwa herufi za mashine, zile ambazo kila moja ina upana sawa na mwenzake, maana msomaji asiye mzoefu aweza kuzipiga alama za kunukuu pamoja na amri. Pasipowezekana, kama katika kurasa hizi, alama za kunukuu zitumike, na nukta ya kumaliza sentensi ikae nje yake, isionekane kuwa sehemu ya amri. Programu za kuandikia barua nazo zina ukarimu usiotakiwa: huikuza herufi ya kwanza ya mstari bila kuulizwa, huzipinda alama za kunukuu, na huvigeuza vistari viwili kuwa kistari kimoja kirefu, hata “git commit --amend” ikatoka ikiwa na alama ambayo zana haiitambui. Ukarimu huo uzimwe kabla ya kuanza kuandika.

Mwisho ni mkato wa neno ukingoni mwa mstari. Kompaila itumiwayo kwa vifaa vidogo vingi huitwa kwa amri “arm-none-eabi-gcc”, jina lenye vistari vitatu vya kwake. Likikatwa ukingoni kwa kuongezewa kistari cha nne, hakuna msomaji awezaye kujua kipi ni cha jina na kipi ni cha mpiga chapa. Jina kama hilo lisikatwe kabisa. Mstari uachwe mfupi, au sentensi igeuzwe mpaka jina liingie zima katika mstari unaofuata. Mpiga chapa atalalamika kwamba ukurasa umekaa vibaya, na alalamike.